Nguvu ya Injini Ifikavyo Magurudumuni

1. Reli tatu

Katika nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, pande za Kibaha na Kisarawe, zapita njia tatu za reli. Ya kwanza ni Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1914 ikafika Kigoma, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Reli hiyo yapita Soga na Ruvu, na hapo Ruvu ndipo tawi la kwenda kuungana na reli ya Tanga lilipofungamanishwa nayo mwaka 1963. Ya pili ni reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 kwa msaada wa Uchina, ikakabidhiwa kwa Tanzania na Zambia mwaka 1976. Reli hiyo yapita Mzenga katika Wilaya ya Kisarawe, na urefu wake wote mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia ni kilometa 1,860. Ya tatu ni reli ya kisasa, ambayo watu wengi huiita SGR. Jiwe lake la msingi liliwekwa Pugu mwaka 2017, na treni zake za abiria zikaanza kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024, nazo zina stesheni Pugu, Soga na Ruvu.

Mtu asiyechungua hudhani kwamba reli ni reli tu, na treni ni treni. Lakini mwanafunzi akichukua kipimo, ataona kwamba njia hizo tatu hazilingani. Nafasi iliyo kati ya chuma na chuma katika Reli ya Kati ni milimita 1,000. Katika TAZARA ni milimita 1,067. Katika reli ya kisasa ni milimita 1,435. Kwa hiyo kichwa cha treni cha njia moja hakiwezi kupita katika njia nyingine.

Tena ziko tofauti ambazo hazionekani kwa nje. Vichwa vya treni vya reli ya kisasa huvuta kwa umeme utokao katika waya uliotandazwa juu ya njia, wenye nguvu ya volti 25,000. Vichwa vikubwa vya dizeli vya Reli ya Kati vina injini ndani yake, na injini hiyo huzalisha umeme wa kuzungusha magurudumu. Na vichwa vya kwanza vya TAZARA, vilivyotoka Uchina, havikutumia umeme kuzungusha magurudumu yake, bali mafuta yaliyorushwa kwa nguvu. Somo hili lataka kueleza kwa nini mafundi walihangaika kutafuta njia hizo zote, na jinsi mtu awezavyo kuzijaribu kwa kujenga treni ndogo ya kupandwa na watoto.

2. Udhaifu wa injini ya dizeli

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani, jina lake Rudolf Diesel, na injini yake ya kwanza kufanya kazi vema ilikamilika mwaka 1897. Ndani ya silinda, pistoni huibana hewa mpaka ikawa moto sana. Kila mwanafunzi aliyepata kujaza upepo gurudumu la baiskeli aijua habari hiyo, maana bomba la kujazia hupata joto mkononi. Hewa ikiisha kubanwa, mafuta hunyunyizwa humo, nayo huwaka yenyewe bila cheche. Moto huo huisukuma pistoni, na pistoni huzungusha mhimili wa injini.

Injini hii ina nguvu nyingi na hula mafuta machache. Lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: ikisimama haina nguvu hata kidogo. Injini ya mvuke ya zamani haikuwa hivyo. Mvuke ulipofunguliwa, uliisukuma pistoni hata kama magurudumu yalikuwa hayajaanza kwenda, na treni ikaondoka polepole. Injini ya dizeli sharti iwe inazunguka kwanza, tena kwa kasi ya kutosha, ndipo iweze kuvuta. Treni nayo sharti iondoke kutoka kusimama. Basi, injini yataka kukimbia wakati ambapo gurudumu lingali limetulia. Mambo haya mawili yapatanishwe namna gani?

Mafundi wa kwanza walijaribu kutoyapatanisha. Mwaka 1912 kampuni ya Sulzer ya Uswisi ilikamilisha kichwa cha treni cha dizeli ambacho injini yake iliungwa na magurudumu moja kwa moja, bila kitu cha kati. Kwa kuwa injini haikuweza kuondosha treni, ilibidi hewa iliyobanwa itumike kwanza kukisukuma kichwa hicho, hata kikapata mwendo, ndipo mafuta yaanze kuwaka. Kazi ile haikufanikiwa, na kichwa hicho hakikuingia katika kazi ya kila siku. Lakini hasara ile ilikuwa mwalimu mzuri. Mafundi wakajua kwamba kati ya injini na gurudumu pahitajiwa chombo cha kupatanisha.

Chombo hicho kina kazi nne. Kwanza, kuiachilia injini izunguke hali treni imesimama. Pili, kuondosha treni taratibu bila kuishtua. Tatu, kugeuza mbio za injini ziwe nguvu ya kuvuta. Nne, kuwezesha treni kurudi nyuma, maana injini yenyewe huzunguka upande mmoja tu.

3. Njia tatu za kupeleka nguvu

Njia ya kwanza ni ya meno na klachi, kama ilivyo katika lori. Gurudumu dogo la meno huzungusha gurudumu kubwa la meno. Likiwa dogo lina meno 12 na kubwa lina meno 36, dogo litazunguka mara tatu ndipo kubwa lizunguke mara moja. Mbio zimepungua mara tatu, lakini nguvu ya kusokota imeongezeka mara tatu, isipokuwa sehemu ndogo iliwayo na msuguano. Hii ndiyo sheria ya gia zote: apataye nguvu hutoa mbio, na apataye mbio hutoa nguvu, hakuna apataye vyote viwili bure. Njia hii ni rahisi, nayo yafaa kwa vichwa vidogo. Lakini kwa treni ya tani mamia, klachi huungua na meno huvunjika upesi.

Njia ya pili ni ya mafuta. Mjerumani Hermann Föttinger aliibuni mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Ili kuifahamu, na afikiriwe mtu aliyeweka feni mbili mezani, zikitazamana. Moja aiwasha, nyingine aiacha bila umeme. Upepo wa ile ya kwanza utaipiga ya pili, nayo itaanza kuzunguka, ingawa hakuna chuma kiziunganishacho. Mtu akiishika feni ya pili isizunguke, ya kwanza haitasimama wala kuvunjika. Chombo cha Föttinger ni hivyo hivyo, ila katika mahali pa upepo pana mafuta ndani ya sanduku lililofungwa. Injini huzungusha mapanga ya upande mmoja, na mafuta hurushwa juu ya mapanga ya upande wa pili. Treni huondoka kwa ulaini sana. Lakini mafuta yakirushwa hivyo kwa muda mrefu, hali treni yaenda polepole mlimani, hupata joto jingi, na joto hilo ni nguvu iliyopotea.

Njia ya tatu ni ya umeme. Injini haiungwi na gurudumu kabisa. Huzungusha mtambo wa kuzalisha umeme, na umeme hupelekwa kwa nyaya mpaka kwenye mota zilizo karibu na magurudumu. Mota ya umeme ina tabia njema ambayo injini ya dizeli haina: husokota kwa nguvu nyingi hata ikiwa bado haijaanza kuzunguka. Kwa hiyo dizeli hufanya kazi ipendayo, yaani kukimbia kwa mwendo ulio sawa, na mota hufanya kazi ipendayo, yaani kuondosha mzigo. Ubaya wake ni uzito na gharama, kwa kuwa mitambo ni mingi.

4. Mlima ulioamua

Ni ipi iliyo bora katika njia hizo tatu? Swali hili halina jibu moja kwa nchi zote. Katika Ujerumani vichwa vya V 200, vilivyoanza kazi mwaka 1953, vilitumia njia ya mafuta, vikafanya kazi miaka mingi na kusifiwa. Lakini reli ya TAZARA ilikuwa na jambo lake.

Kutoka Dar es Salaam kupita Mzenga nchi si ngumu sana. Treni huenda katika vilima vidogo, kisha katika nyika na mabonde, hata ikafika Mlimba. Hapo mbele yake pana ukuta wa nchi za juu. Kati ya Mlimba na Makambako njia hupanda zaidi ya mita 1,000, ikipita katika mahandaki na juu ya madaraja mengi. Vichwa vile vya kwanza, vilivyoitwa DFH, vilionekana dhaifu kwa kazi hiyo. Viliharibika mara kwa mara, na mizigo ikachelewa. Zambia, isiyo na bahari, ilikuwa ikiitegemea njia hiyo kupitisha shaba yake. Kichwa kilichokwama mlimani kilikuwa kimeziba mlango wa nchi nzima.

Mwaka 1983 TAZARA ilipata vichwa vipya vilivyojengwa Ujerumani na kampuni ya Krupp kwa namna ya General Electric ya Marekani. Hivyo vilikuwa na injini za nguvu zaidi, navyo vilitumia njia ya tatu, yaani dizeli na umeme. Mafunzo ya habari hii ni kwamba chombo hakipimwi mahali palipo rahisi. Kichwa cha treni kingeweza kupita Mzenga kila siku bila kasoro, na mtu akakisifu. Lakini mlima ulio mbali ndio uliokuwa mtihani wake.

5. Treni ndogo ya kupandwa

Katika Uingereza, Marekani na nchi nyingine wako watu wapendao kujenga vichwa vya treni vidogo vinavyofanana na vile vikubwa. Havijengwi ili kuwekwa kabatini. Vina nguvu ya kuvuta vigari ambavyo watu hukaa juu yake, miguu yao ikiwa kando. Reli inayotumika sana Uingereza kwa kazi hiyo ina nafasi ya inchi saba na robo, yaani milimita 184 hivi.

Na idhaniwe kwamba wanafunzi wa shule moja ya Kisarawe na wa shule moja ya Kibaha wametaka kila upande kujenga kichwa kidogo kwa mfano wa kile wakionacho kwao, na reli zao zote zina nafasi ya milimita 184. Wa Kisarawe wachukua mfano wa TAZARA. Wagawanya 1,067 kwa 184, wapata 5.8. Basi kila kipimo cha kichwa kikubwa watakigawanya kwa 5.8. Wa Kibaha wachukua mfano wa reli ya kisasa ya Soga. Wagawanya 1,435 kwa 184, wapata 7.8. Ikiwa vichwa vyote viwili vikubwa vina kimo cha mita 4, kidogo cha Kisarawe kitakuwa na kimo cha sentimita 69, na cha Kibaha sentimita 51 tu. Hivyo reli iliyo nyembamba zaidi ndiyo iliyozaa kichwa kidogo kilicho kikubwa zaidi! Ajabu hii huwatatiza wengi, lakini hesabu yake ni nyepesi.

Hesabu ya uzito ni ya namna nyingine. Kitu kikipunguzwa mara 5.8 kwa urefu, hupunguzwa pia mara 5.8 kwa upana, na mara 5.8 kwa kimo. Kwa hiyo uzito wake hupungua mara 5.8 × 5.8 × 5.8, yaani mara 195. Kichwa cha tani 100 kingekuwa na kilo 513. Kwa kipimo cha Kibaha, ambacho ni karibu mara 8, kichwa kama hicho kingekuwa na kilo 200 hivi. Lakini mtoto apandaye nyuma hapunguzwi! Yeye ni yule yule, na uzito wake ni ule ule. Ndiyo maana kichwa kidogo kina kazi ngumu kuliko kinavyoonekana, na fundi wake hapaswi kuigiza sura peke yake. Sharti apige hesabu ya nguvu. Habari ya mjenzi wa mnara katika Injili yamfaa sana fundi huyu: hesabu huja kwanza, na kazi baadaye.

6. Hesabu ya meno

Na ichukuliwe injini ndogo izungukayo mara 3,000 kwa dakika. Gurudumu la treni ndogo lina upana wa sentimita 15 kutoka ukingo hata ukingo, ukipita katikati. Mzunguko wake ni 15 × 3.14, yaani sentimita 47. Kama injini ingeungwa na gurudumu moja kwa moja, treni ingekimbia mita 1,410 kwa dakika, ambazo ni karibu kilometa 85 kwa saa! Wala isingekimbia hivyo, maana isingeweza hata kuondoka.

Mwendo ufaao kwa watoto ni kama kilometa 9 kwa saa, ambao ni mwendo wa mtu akimbiaye polepole. Hizo ni mita 150 kwa dakika. Gurudumu litazunguka 150 ÷ 0.47, yaani mara 319. Sasa igawanywe 3,000 kwa 319: jibu ni karibu 9.4. Basi mbio za injini zapaswa kupunguzwa mara 9 au zaidi kidogo.

Fundi asitake kuzipunguza kwa gurudumu moja la meno. Gurudumu dogo likiwa na meno 12, kubwa lingehitaji meno 108, nalo lisingepata nafasi chini ya kichwa. Afadhali azipunguze mara mbili. Injini izungushe kwa cheni mhimili wa kati, kwa meno 12 na 36. Mhimili huo nao uzungushe ekseli ya magurudumu kwa meno 12 na 36. Mara tatu na mara tatu ni mara tisa. Gurudumu litazunguka mara 333 kwa dakika, na treni itakwenda kilometa 9.4 kwa saa. Tena nguvu ya kusokota imeongezeka karibu mara tisa.

Katikati ya injini na cheni ya kwanza huwekwa klachi. Iko klachi yenye viatu vidogo ndani yake. Injini ikienda polepole viatu hutulia, na ikiongeza mbio hutupwa nje, vikashika ngoma na kuizungusha. Klachi ya namna hiyo huondosha treni bila kishindo. Mafundi wengine huacha injini kabisa wakatumia betri na mota za umeme. Wengine hutumia pampu ya mafuta na mota ndogo ziendeshwazo na mafuta yaliyobanwa katika mipira. Basi zile njia tatu za vichwa vikubwa zaonekana tena katika vile vidogo.

7. Kidole kimoja hakivunji chawa

Injini yenye nguvu na meno yaliyohesabiwa vema havitoshi. Nguvu yote huishia mahali padogo sana, ambapo gurudumu la chuma hugusa reli ya chuma. Reli ikiwa kavu, gurudumu laweza kuvuta karibu robo ya uzito ulio juu yake. Likilazimishwa kuvuta zaidi, litateleza na kuzunguka bure.

Na ihesabiwe treni moja. Kichwa kina kilo 200. Vigari viwili vina kilo 120. Watoto tisa, kila mmoja akiwa na kilo 40, wana kilo 360. Jumla ni kilo 680. Njia yapanda mita 1 katika kila mita 40. Uzito wa treni utaivuta nyuma kwa nguvu ya 680 ÷ 40, yaani kama uzito wa kilo 17. Msuguano wa magurudumu, ukikadiriwa sehemu moja katika mia, utaongeza kilo 7. Kazi yote ni kilo 24. Nguvu hiyo kwa mwendo wa kilometa 9.4 kwa saa haifiki hata nguvu ya farasi mmoja. Kwa hiyo injini ndogo ya nguvu za farasi wawili au watatu yatosha.

Lakini ni magurudumu gani yavutayo? Kichwa kina ekseli nne, na kila moja yabeba kilo 50. Fundi mvivu akiunga cheni kwenye ekseli moja tu, robo ya kilo 50 ni kilo 12 na nusu. Kazi ni kilo 24. Magurudumu yatateleza, na treni haitapanda. Akiunga ekseli mbili, atapata kilo 25. Treni itapanda kwa shida, lakini asubuhi umande ukiwa juu ya reli, itashindwa. Akiunga ekseli zote nne, atapata kilo 50, nayo ni zaidi ya mara mbili ya kazi iliyopo. Ndipo mwanafunzi aonapo maana ya mithali, kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapo huja shida nyingine. Ili kichwa kirefu kiweze kupita katika kona, magurudumu yake hayafungwi katika fremu, bali hukaa katika vigari vidogo viwili vilivyo chini yake, viitwavyo bogi. Kila bogi hugeuka peke yake. Cheni itokayo katika fremu mpaka kwenye bogi itakazwa na kulegezwa katika kila kona, hata iruke au ikatike. Wako mafundi waupitishao mhimili wa nguvu karibu sana na mahali bogi inapogeukia, ili cheni isivutwe. Wako watumiao shafti yenye viungo vya msalaba, kama ile iliyo chini ya lori. Na wako waweka mota ya umeme ndani ya bogi yenyewe, wakapeleka waya tu, maana waya hupinda bila kulalamika. Kisha ekseli mbili za bogi moja huunganishwa kwa cheni fupi, ili zote zivute pamoja.

8. Kitu kilicho kikubwa kuliko nguvu

Treni ile ya watoto tisa imefika juu ya mwinuko. Sasa yarudi chini. Na idhaniwe kwamba cheni moja, iliyokuwa imelegea tangu juma lililopita, imekatika. Fundi alikuwa akitegemea injini izuie mwendo. Sasa injini haimo tena katika habari hii. Uzito wasukuma kwa kilo 17, msuguano wazuia kwa kilo 7, na kilo 10 zasalia kuongeza mbio. Baada ya nusu dakika treni itakuwa imepita kilometa 15 kwa saa, tena itakuwa imekwenda mita 65, na huko chini pana kona. Watoto waliokaa juu ya vigari hawana cha kushika isipokuwa migongo ya wenzao.

Kwa hiyo iko sheria moja ambayo fundi hapaswi kuivunja hata mara moja: breki isitegemee chombo cha kuvutia. Breki na iwe na mkono wake na kiatu chake kwenye gurudumu, na vigari pia viwe na breki zake, ili cheni ikikatika, au waya ukichomoka, au mafuta yakimwagika, treni isimame vile vile. Ndivyo ilivyo katika treni kubwa, ambazo kila behewa lina breki yake.

Sheria ya pili ni kufunika. Cheni na meno hayachagui kati ya chuma na kidole. Kila kizungukacho kifunikwe kwa bati kabla mtoto wa kwanza hajapanda. Sheria ya tatu ni kukagua. Kabla ya kazi fundi huipima cheni kwa kidole kama imelegea, huitia mafuta, hukaza parafujo, na kuijaribu breki hali vigari ni vitupu. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Lakini katika kazi ya treni, huenda asipate nafasi ya kuujenga.

Dereva wa kichwa kikubwa kipitacho Ruvu na mtoto aendeshaye kichwa cha kilo 200 wako chini ya sheria zile zile. Injini hutoa nguvu, meno huipima, gurudumu huishika reli, na breki hulinda watu. Treni isiyoweza kuondoka ni hasara ya fundi peke yake. Treni isiyoweza kusimama ni hasara ya wote waliomo. Basi mwenye hekima, akiulizwa treni yake yaweza kuvuta watu wangapi, hujibu kwanza yaweza kusimamisha wangapi.

Maswali

1. Taja njia tatu za reli zipitazo pande za Kibaha na Kisarawe, na kipimo cha nafasi ya kila moja.
2. Injini ya dizeli ina udhaifu gani ambao injini ya mvuke haikuwa nao?
3. Eleza mfano wa feni mbili. Je, joto hutoka wapi katika njia ya mafuta?
4. Kwa nini mlima wa Mlimba na Makambako ulikuwa mtihani mkubwa kuliko nchi ya Mzenga?
5. Reli ndogo ina nafasi ya milimita 184. Kichwa cha Reli ya Kati, ambayo nafasi yake ni milimita 1,000, kitapunguzwa mara ngapi?
6. Injini huzunguka mara 2,400 kwa dakika. Meno ni 10 na 40, kisha 15 na 30. Gurudumu litazunguka mara ngapi kwa dakika?
7. Watoto wakiwa kumi na wanne badala ya tisa, je, kichwa kile chenye ekseli mbili zivutazo kitapanda mwinuko ule? Onyesha hesabu yako.
8. Kwa nini breki haipaswi kutegemea cheni?